Ukienda Chiwanda, Tazama Chini ya Maji

Wengi wetu tumezoea kupima utajiri wa wanyamapori kwa ukubwa wa mnyama. Tembo akionekana, safari imefaulu. Asipoonekana, nauli imepotea bure. Mtu anayeteremka kutoka Mbinga kwenda Ziwa Nyasa na kipimo hicho atakaa Chiwanda siku mbili, atasifu mchanga na machweo, kisha atarudi akisema kwamba pwani ile ni nzuri lakini haina wanyama. Hapo atakuwa amekosea. Kata ya Chiwanda, iliyoko wilayani Nyasa, kusini mwa Mbamba Bay kuelekea Chiwindi na mpaka wa Msumbiji, imekaa kando ya mkusanyiko wa viumbe ambao hauna mfano katika ziwa lolote duniani, ila viumbe hao ni samaki na wengi wao hawafiki urefu wa kiganja. Dai langu ni kwamba katika pwani hii wanyamapori wa kwanza ni wale walio majini, tena majini karibu, mahali ambapo mtu anayejua kuelea anaweza kufika bila boti. Ukilikubali dai hilo, mambo mengine yote ya safari yatabadilika: mwezi wa kwenda, saa ya kuamka, vitu vya kufunga kwenye begi, na mtu wa kumwomba akuongoze.

Anza na ziwa lenyewe. Nyasa ni la tatu kwa ukubwa Afrika, baada ya Viktoria na Tanganyika. Lina urefu wa zaidi ya kilomita 550, na kina chake kikubwa kinakaribia mita 700. Hata hivyo, sehemu kubwa ya kina hicho haina samaki kabisa, kwa sababu kuanzia kama mita 200 na kitu kwenda chini maji hayana oksijeni. Maji ya juu na ya chini hayachanganyiki vya kutosha, hivyo uhai wote umebanwa kwenye tabaka la juu na kandokando. Katika ukanda huo mwembamba wataalamu wanakadiria kuna aina kati ya 700 na 1,000 za samaki, wengi wao wa jamii ya sikilidi, na karibu wote hao hawapatikani mahali pengine popote. Hakuna ziwa jingine lenye aina nyingi kiasi hicho. Kwa hiyo usijilaumu kwa kutokwenda mbali kutoka ufukweni: mtu anayekodi boti kwenda katikati ya ziwa kutafuta maajabu anayaacha nyuma yake, kwenye mawe aliyoyaruka alipopanda.

Mawe ndiyo ufunguo. Pwani ya ziwa katika Mkoa wa Ruvuma, ilipo Chiwanda, ina mpangilio unaojirudia: mchanga kwa kitambo, kisha rundo la miamba mikubwa iliyoporomoka hadi majini, kisha mchanga tena, kisha mdomo wa mto wenye matete. Samaki wadogo wa miambani, wanaojulikana kwa jina la mbuna, wanakula uoto wa kijani unaotanda juu ya jiwe na wadudu waliojificha ndani yake, na hujificha katika nyufa. Mchanga kwao ni jangwa. Mbuna wa rundo moja la mawe haoni sababu ya kuvuka mita mia kadhaa za mchanga mtupu ambako hakuna chakula wala maficho, na akivuka ataliwa. Basi kila kundi la miamba limekaa na watu wake kwa vizazi maelfu, na wametofautiana: huku madume ya bluu yenye milia, kule ya manjano, mbele kidogo yenye mapezi ya rangi ya chungwa. Wafugaji wa samaki wa mapambo nchini Ujerumani na Marekani wanajua jambo hili kuliko Watanzania wengi. Kwao majina ya Hongi, Lundo na Mbamba Bay ni majina ya samaki, yanayotumika kutofautisha aina moja na nyingine kulingana na mwamba alikotoka. Si sawa mtu wa Hamburg ayajue majina hayo kuliko mwanafunzi wa Songea.

Namna ya kutazama ni rahisi, ila inahitaji uvumilivu ambao msafiri wa gari hajauzoea. Chukua miwani ya kuzamia inayofunika pua, na mrija wa kupumulia. Vinunue kabla ya safari, maana usitegemee kuvikuta dukani Mbamba Bay. Kama huogelei vizuri, vaa jaketi la kujiokolea ulale kifudifudi juu ya maji yanayokufika kifuani. Nenda mahali mwamba unapokutana na mchanga, kwa sababu hapo unapata jamii mbili kwa wakati mmoja. Kisha tulia. Dakika za kwanza samaki watakukimbia na utaona vivuli tu. Baadaye wataendelea na shughuli zao. Utaona dume akilinda jiwe lake, akimfukuza kila dume wa rangi yake lakini akiwavumilia wa aina nyingine. Utaona samaki aliyevimba taya asiyekula kitu chochote: huyo ni jike mwenye mayai au watoto mdomoni, na atakaa hivyo bila kula kwa takribani majuma matatu. Usimkaribie huyo, kwani akishtuka sana anaweza kuwatema watoto kabla ya wakati wao. Kwenye mchanga tafuta mashimo ya duara yenye kingo zilizoinuliwa, au vichuguu vidogo vyenye kilele bapa. Vimejengwa na madume, mdomo baada ya mdomo wa mchanga, ili kuwavutia majike. Ziwa hili lina hata samaki mwenye mabaka anayelala ubavu chini kama mzoga, akawasubiri samaki wadogo waje kudonoa, kisha akawanasa. Hakuna mbuga ya nchi kavu itakayokuonyesha vita, ndoa, malezi na hila ndani ya eneo la ukubwa wa sebule.

Miezi ya kwenda inategemea upepo na matope. Kuanzia Mei hadi Agosti upepo wa mwera, unaotoka kusini-mashariki, huvuma kwa nguvu na kuinua mawimbi ambayo yamezamisha mitumbwi mingi katika ziwa hili. Masika ya ukanda huu huanza Desemba na kuendelea hadi Aprili, na mito iliyojaa hutapika udongo ziwani. Katikati, yaani Septemba hadi Novemba, maji hutulia na kuwa maangavu, na jua huwa kali. Hiyo ndiyo miezi ya mbuna. Amka mapema, uingie majini asubuhi jua likishapanda kidogo, maana mchana upepo huweza kubadilika. Hata katika mwezi mtulivu, mvuvi akikuambia leo ziwa si zuri, usibishane naye.

Sasa nije kwenye pingamizi lenye uzito kuliko yote: kichocho na mamba. Wapo watakaosema kwamba kumshauri mtu aweke uso wake kwenye maji ya Nyasa ni kumpeleka hospitali. Hofu hiyo ina msingi. Kichocho kipo katika ziwa hili, na hakuna anayeweza kukuhakikishia ufukwe usio na vimelea. Lakini hatari haijagawanyika sawasawa. Konokono wanaobeba vimelea hupenda zaidi maji yaliyotulia yenye majani na matete, karibu na makazi ambako watu wanajisaidia au kuoga majini. Mwamba ulio wazi, unaopigwa na mawimbi, mbali na mdomo wa mto, ni mahali pa hatari ndogo zaidi. Mamba nao hukaa kwenye midomo ya mito na vichaka vya matete. Wenyeji wanajua ni wapi, na kuuliza si woga. Usiingie majini alfajiri wala jioni, usiogelee peke yako, na usipite kwenye matete kwa kufupisha njia. Ukirudi nyumbani, nenda zahanati baada ya majuma sita hadi manane uombe kipimo na dawa ya prazikwanteli. Usiimeze siku ile ile uliyotoka majini ukadhani umemaliza, kwa kuwa dawa hiyo haiwaui vizuri minyoo ambao bado ni wachanga.

Na kichocho chenyewe, kikichunguzwa, kinatetea hoja yangu badala ya kuibomoa. Kusini mwa ziwa, upande wa Malawi, watafiti waliona maambukizi yakiongezeka kuanzia miaka ya 1980 hata kwenye fukwe za mchanga zilizokuwa zikihesabiwa kuwa salama. Maelezo waliyoyatoa yalihusu samaki: aina za sikilidi wanaotafuna konokono zilikuwa zimevuliwa kupita kiasi, na konokono wakaongezeka. Samaki asiyeuzwa kwa bei kubwa sokoni alikuwa akifanya kazi ya afya ya jamii bila mtu kumlipa. Kwa hiyo mtu anayesema tuyaache maji kwa sababu ya kichocho, na mtu anayesema samaki wadogo hawana faida, wanapaswa kukaa meza moja.

Juu ya maji pia kuna mengi, na hapa huhitaji kulowa. Furukombe hukaa juu ya miti mirefu ya ufukweni, na sauti yake utaisikia kabla hujamwona. Mnandi hukausha mabawa juu ya mawe. Mdiria huning'inia hewani kabla ya kujitupa majini. Kenge huota jua kwenye miamba, na ukikaa kimya jioni unaweza kumwona fisi maji akirudi na samaki. Katika siku zinazofuata mwezi mwandamo tazama upeo wa ziwa: ukiona kitu kama moshi mzito unaoinuka majini bila moto, hao ni kungu, inzi wadogo wanaotoka ziwani kwa mamilioni. Viluwiluwi vyao ni chakula cha samaki, na watu wa ziwa hili wamezoea kuwakusanya inzi wenyewe, kuwafinyanga na kuwapika. Usiku wa giza utaona taa nyingi mbali ziwani. Ni wavuvi wa usipa, dagaa wa Nyasa, wanaowavuta kwa mwanga. Asubuhi utawakuta wameanikwa kwenye vichanja na juu ya mchanga, na hapo pita kwa adabu, usikanyage. Mbasa, samaki mwenye kupanda mito kutaga wakati wa mvua, ni sababu nzuri ya kurudi masika hata kama maji hayaonyeshi kitu.

Wanaolalamikia umbali wanapaswa kujibiwa kwa hali ya leo. Barabara ya Songea hadi Mbinga ni ya lami, na yapata kilomita 67 za kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, zilizokuwa zikitisha madereva kwa kona na utelezi, nazo zimewekwa lami. Meli ya MV Mbeya II, iliyoanza kazi 2021, huunganisha bandari za Kyela na Mbamba Bay. Ratiba ulizia bandarini kabla ya kufunga mizigo. Kutoka Mbamba Bay kwenda Chiwanda utategemea bodaboda, gari dogo au boti, na wakati wa mvua uliza kwanza hali ya njia. Ni mbali, ndiyo. Lakini njia yenyewe ni sehemu ya somo, na ningependa uteremke mchana.

Kwenye milima ya Wamatengo utaona miteremko mikali iliyochongwa mashimo, safu juu ya safu. Ndiyo kilimo cha ngoro. Mkulima hufyeka nyasi, huzilaza kwa mistari inayokatana, kisha huchimba udongo katikati na kuufunika juu ya nyasi, hivyo shamba likawa na matuta yaliyozunguka mashimo. Mvua ikinyesha, maji hutuama kwenye shimo badala ya kuteremka na udongo, na nyasi zikioza zinarutubisha tuta. Wamatengo wamelima hivyo kwa zaidi ya karne moja. Msafiri anayependa picha atapiga picha na kuendelea. Wewe simama ufikirie udongo ule ungekwenda wapi. Ungeteremka mtoni, na mto ungeupeleka ziwani. Udongo ukitanda juu ya mwamba unaua uoto wa kijani, na maji yakichafuka mwanga haufiki. Mbuna hukosa chakula, na majike hushindwa kutambua rangi za madume wa aina yao. Kila shimo la ngoro linalotunzwa Mbinga ni ulinzi wa jiwe fulani Nyasa. Ndiyo maana naona si sawa kuuza milima kama kivutio kimoja na ziwa kama kingine, kila kimoja na siku yake na kiingilio chake.

Ukiwa na siku ya ziada, panda kaskazini hadi Liuli. Wajerumani waliiita bandari ile Sphinxhafen kwa sababu ya mwamba uliowakumbusha sanamu ya Misri. Hapo, tarehe 13 Agosti 1914, boti ya Waingereza Gwendolen iliishambulia meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo, nahodha wake akiwa bado hajapata habari kwamba vita vimeanza. Historia hiyo ni nzuri kuisimulia. Bado ningekusihi umalize haraka na uangalie miamba yenyewe, ule wa Pomonda ukiwa maarufu zaidi, kwani chini yake wako wakazi waliokuwapo kabla ya Mjerumani na Mwingereza kwa maelfu mengi ya miaka.

Kwa asiyeridhika bila mnyama mkubwa, lipo Pori la Akiba Liparamba, lililoko upande wa nchi kavu katika misitu ya miombo inayoungana na Msumbiji. Huingii bila kibali cha mamlaka ya wanyamapori, na wanyama wake huvuka mpaka bila kuomba ruhusa, hivyo usiende ukitarajia makundi ya Serengeti. Ni nyongeza njema. Lakini kuliweka Liparamba mbele ya ziwa kwa sababu tu lina wanyama wa miguu minne ni kurudi kwenye kile kipimo cha mwanzo. Swala wa miombo utamkuta pia Zambia na Malawi. Mbuna wa mwamba fulani akiisha pale, ameisha duniani.

Pingamizi la mwisho linatoka kwa wenyeji, na ndilo ninaloliheshimu zaidi. Mvuvi anaweza kuuliza: watoto wangu wanakula samaki, wewe unakuja kuwatazama, kutazama kwako kunanipa nini? Jibu la kwanza ni kwamba kwa kiasi kikubwa hatugombei samaki wale wale. Usipa huvuliwa maji ya wazi usiku. Mbuna ni wadogo, wa miambani, na si tegemeo la soko. Kinachoumiza pande zote mbili ni kokoro linaloburuzwa ufukweni na vyandarua vinavyozoa hata vifaranga, na hayo yamekatazwa na sheria ya uvuvi, ingawa bado yapo. Jibu la pili ni fedha, na hili liko mikononi mwako wewe msafiri. Ukikodi mtumbwi wa mtu wa Chiwanda kwa asubuhi moja, ukala wali na samaki kwa mama lishe wa pale, ukalala katika nyumba ya wageni ya wilaya hiyo, mwamba usioguswa umeingiza kipato. Ukija na chakula chako chote kwenye boksi la barafu na kuondoka jioni, umemwachia mvuvi takataka tu, na swali lake litabaki bila jibu.

Ndiyo maana ukifika usianze na ufukwe. Anza na ofisi ya mtendaji wa kijiji, useme umetoka wapi na umekuja kufanya nini, uwe na kitambulisho chako mkononi kwani uko mpakani. Wazee wape shikamoo yao kabla ya swali lolote. Uliza kama kuna mwamba au kisima ambacho wenyeji hawapendi kiguswe, na uheshimu utakachoambiwa hata kama hukielewi. Mwombe mtendaji akukutanishe na kikundi cha wavuvi kinachosimamia rasilimali za uvuvi, wale wa BMU, kwa kuwa wao ndio wanaojua mawe na ndio wanaoyalinda. Bei ya mtumbwi ielewaneni mapema, mlipe mwenye mtumbwi mwenyewe. Usipige picha ya mtu anayeoga au anayefua. Usichukue samaki, konokono wala jiwe. Na mtu akikuuliza kama ungependa kununua mbuna walio hai ili uende nao mjini, kataa, kwa sababu biashara hiyo bila kibali humaliza mwamba mmoja kwa msimu mmoja.

Malawi ilitenga Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Malawi 1980, na miaka minne baadaye UNESCO ikaiingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, sababu kuu ikiwa hao hao mbuna. Msumbiji ilitangaza hifadhi upande wake wa ziwa 2011. Mwamba wa Chiwanda uko kati ya majirani hao wawili, na samaki wake hawana thamani ndogo kuliko wa kwao. Halmashauri ya Wilaya ya Nyasa na maofisa uvuvi watapata nguvu ya kuulinda pale wageni watakapoanza kuja kwa ajili ya samaki, na kusema hivyo ofisini kwao. Basi Septemba ikikaribia, tafuta miwani na mrija, kata tiketi ya basi la Songea, na ukifika Chiwanda omba uonyeshwe mwamba wa kwanza wa karibu. Ukitoka majini, rudi kwa mtendaji umweleze ulichokiona.